Bata alificha jina, hakuficha fimbo

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Kuna mzee aliyewahi kuwa baharia anasema yule Mfilipino wa pool, Efren Reyes, wanayemwita Bata, alikuwa tapeli tu. Eti alikwenda Marekani miaka ya themanini akajibadilisha jina, akawaliza watu pesa zao, akarudi kwao. Mimi nasema mtu aliyekuwa bingwa wa dunia huwezi kumwita tapeli. Tumewekeana kreti ya soda, na tumekubaliana wewe ndiye mwamuzi. Je, Efren aliwahi kutapeli watu mezani?"

Marahaba, kijana wangu. Naanza na jibu litakalowaudhi wote wawili: kila mmoja wenu ana nusu. Efren alicheza kwa pesa, tena tangu akiwa mtoto asiyefikia ukingo wa meza. Jina la bandia alilitumia, hilo si uzushi wa mabaharia. Ila kutoka hapo hadi kumwita tapeli pana safari, na watu wengi huiruka.

Kwanza tumalize kicheko, maana najua kijiweni lazima kiwepo. "Bata" kwa lugha ya kwao ni mtoto. Kwenye ukumbi alikokulia palikuwa na Efren mwingine aliyemzidi umri, basi ili wasiwachanganye huyu mdogo wakamwita Efren mtoto. Hakuna bata wa bwawani hapo, wala kula bata. Sasa ni babu mwenye mvi na bado anaitwa mtoto.

Neno "tapeli" ndilo linaloharibu ubishi wenu, kwa hiyo tulishike vizuri. Kwenye meza ya pool kuna mambo matatu ambayo watu huyatia kapu moja. La kwanza ni kucheza kwa dau: wewe unanijua, mimi nakujua, tunaweka elfu kumi kumi, anayefungwa anatoa. Serikali inaweza kukukataza na mama mkwe anaweza kukununia, ila hapo hakuna aliyedanganywa. La pili ni kuficha makali: mimi ni fundi, nakuja kwenye meza yenu najifanya sijui hata kushika fimbo, nafungwa kwa makusudi mpaka muone mmepata shamba la bibi, ndipo napandisha dau. La tatu ndilo baya kuliko yote, nalo mnalijua kutoka kwenye mpira wa miguu: kuuza mechi. Mchezaji anaelewana na watu wa pembeni kwamba leo atafungwa, watu hao wanambetia mpinzani wake, kisha usiku wanagawana. Anayeumia hapo ni tajiri aliyeweka pesa juu ya mchezaji wake akidhani anampigania.

Hilo la pili niliwahi kulionja mwenyewe, na mpaka leo nikilikumbuka najicheka. Nilikuwa kijana, najiona mfalme wa baa moja pale Morogoro. Jioni moja akaingia mgeni, viatu vina tope, ameshika fimbo kama ameshika jembe. Akauliza mpira mweusi unapigwa lini. Tukacheza, akafungwa, akalipia gemu bila kinyongo. Tukacheza tena, akafungwa tena, akatununulia bia. Gemu ya tatu akasema amechoka kucheza bure, tuweke kidogo. Kufika saa nne usiku nilikuwa nimebaki bila nauli ya kurudi nyumbani.

Kilichoniuma si pesa. Nilipokuwa natembea kwa miguu ndipo nilipoanza kurudisha picha kichwani. Zile gemu mbili alizofungwa alikosa mashimo mengi, kweli, lakini kila alipokosa, mpira mweupe ulisimama mahali ambapo mimi sina pa kupiga. Mshamba akikosa, mpira wake mweupe hutangatanga. Wa fundi hauhangaiki. Na mkono wake wa kushoto, ule unaobeba ncha ya fimbo, haukutikisika hata mara moja. Aliigiza kila kitu, akasahau mkono. Tangu siku ile mgeni akiingia simwangalii anavyofunga. Namwangalia mkono wa kushoto, na mahali mpira mweupe unapolala.

Kwa hiyo swali lenu linatakiwa kuwa hili: je, Efren aliwahi kuficha makali?

Alizaliwa Agosti 1954 katika jimbo la Pampanga, Ufilipino. Akiwa na miaka mitano akapelekwa Manila kuishi kwa mjomba wake, ambaye alikuwa na ukumbi wa biliadi ukiitwa Lucky 13. Kazi ya mtoto ilikuwa kufagia na kuhudumia wateja, na usiku, watu wakishaondoka, alilala juu ya meza. Kimo kilikuwa hakitoshi, kwa hiyo alipanga makreti ya Coca-Cola, akapanda, akapiga, akashuka, akayahamisha upande wa pili wa meza, akapanda tena. Kreti yenu ya soda imenikumbusha hayo.

Mjue pia alikuwa anacheza mchezo gani, kwa sababu ndipo maajabu yake yanapotoka. Kwetu vijiweni tumezoea gemu ya kugawana mipira, wewe rangi hii mimi rangi ile, mwisho mweusi. Wafilipino wa enzi hizo walipenda gemu ya mipira yote 15, ambapo lazima uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani, na kila mpira unaoingia unakupa pointi kulingana na namba yake. Fikiria meza imejaa mipira 14 inayokuziba njia na wewe unatakiwa uguse mmoja tu. Ukikulia humo, unajifunza kuupeleka mpira mweupe kwa kuuzungusha kwenye kingo za meza, kwa sababu njia ya moja kwa moja haipo. Akaongeza biliadi ya kingo tatu, ile ya meza isiyo na mashimo kabisa. Wamarekani walipokuja kumwona baadaye, walidhani anafanya uchawi, na jina "Mchawi" likamganda. Kumbe ni mtoto wa ukumbini anayepita njia za nyumbani kwao.

Sasa pesa. Kwenye kumbi za Manila mashindano yenye zawadi za maana yalikuwa haba, na mchezaji hodari aliishi kwa dau. Alianza kucheza kwa pesa akiwa bado mtoto. Mfumo wenyewe unafanana sana na wa daladala: kuna tajiri na kuna dereva. Tajiri anatoa mtaji wote, mchezaji anatoa mkono wake. Wakishinda wanagawana, wakishindwa anayepoteza ni tajiri. Ndiyo maana mchezaji asiye na senti mfukoni anaweza kuonekana anachezea pesa ya kununua nyumba. Si yake.

Na hapa kuna jambo ambalo mzee wenu baharia amelisahau, au halijui. Katika mji ambao kila mtu anakujua, hutafuti mtu wa kumdanganya. Unatafuta mtu atakayekubali kucheza na wewe. Efren alipofika utu uzima, ndani ya Ufilipino hapakuwa na mtu wa kucheza naye sawa kwa sawa kwa hiari yake. Kilichobaki ni kutoa mbeleko, yaani kumpa mpinzani nafuu kabla ya mchezo kuanza. Kwenye gemu ya mipira tisa, kwa mfano, anayeingiza mpira wa tisa ndiye mshindi. Mbeleko ya kawaida ni kumwambia mpinzani: wewe ukiingiza nane umeshinda, ukiingiza tisa umeshinda, mimi mpaka tisa. Kama ni dhaifu zaidi unampa na saba. Au unamwachia pigo la kufungua kila gemu. Au kwenye mbio za kufika kumi, yeye anaanzia mbili. Majadiliano ya mbeleko huweza kuchukua saa nzima, watu wamesimama, wanatukanana kwa heshima, na wazoefu husema mechi inashindwa au kupotezwa pale, kabla fimbo haijaguswa. Huo ni mnada wa wazi. Muuzaji anasema bei, mnunuzi anakataa. Utapeli unaingia tu pale muuzaji anapokuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ukweli ni kwamba kwa Efren, nyumbani kwao, gunia halikuwepo. Mbuzi alikuwa amesimama juani, pembe zinaonekana, na watu bado walikuja kununua. Kwa nini? Kwa sababu ya mbeleko, na kwa sababu ya sifa ya kusema nilicheza na Bata.

Twende 1985.

Karibu na alikozaliwa palikuwa na kambi kubwa ya jeshi la anga la Marekani, Clark, iliyokaa Ufilipino hadi 1991. Wanajeshi wanapenda meza za pool kuliko wanavyopenda gwaride, na waliokaa kule walirudi kwao na hadithi za kijana mwembamba wa Kifilipino asiyekosa. Jina lilifika Marekani kabla ya mwenyewe. Basi Efren aliposafiri mwaka huo alicheza kwa jina la Cesar Morales, akaingia mashindano ya mipira tisa kwenye ukumbi wa Red's mjini Houston, Texas, akayashinda. Wamarekani wakaangaliana: huyu Morales ni nani? Walipojua, ilikuwa imekwisha.

Hili ndilo tukio ambalo mzee wenu analishikilia, na ana haki ya kulishikilia. Kubadilisha jina ili usitambulike ni kujificha, hakuna namna ya kulipamba. Lakini niulizeni: kwenye mashindano, jina linakusaidia nini? Ada ya kuingia ni ileile kwa Morales na kwa Reyes. Ratiba ni ileile. Hakuna mbeleko, kila mtu anaanza sifuri. Na mezani hakujifanya mbovu hata kwa gemu moja, asingeweza, kwa sababu kwenye mashindano ukijifanya mbovu unatolewa. Aliyekutana na Morales alikutana na Efren mzima mzima.

Jina la bandia lina faida pembeni ya meza, na watazamaji wengi hawaijui. Kwenye mashindano mengi ya pool ya Marekani, usiku wa kuamkia siku ya kwanza, wachezaji hupigwa mnada. Si utumwa, msishtuke. Watu wenye pesa wananunua majina: mimi namtaka fulani kwa dola mia tano, wewe unamtaka yule kwa dola elfu. Pesa zote zinaingia chungu kimoja, na walionunua wachezaji watakaoshika nafasi za juu wanagawana. Jina kubwa linauzwa ghali, jina lisilojulikana linauzwa kwa bei ya maandazi. Sasa fikiria una Efren Reyes mkononi na umemwandikisha kama Cesar Morales. Vivyo hivyo kwenye mechi za kando, zile za usiku baada ya ratiba rasmi: ukisema jina lako la kweli utaombwa mbeleko mpaka ulie, ukisema Morales utacheza sawa kwa sawa. Faida ya jina la bandia iko hapo. Nani alinunua nini Houston sitakuchongea hadithi, lakini kama mtu anataka kumshitaki Efren kwa kuficha makali, mlango wa kuingilia ni huo, haumo kwenye kombe alilobeba.

Tena hakuwa wa kwanza wala wa ajabu. Wacheza pool wa barabarani wa Marekani walikuwa na majina kama madereva wa malori walivyo na vituo. Wade Crane, fundi mkubwa wa mipira tisa, miaka mingi watu walimjua kama Billy Johnson. Efren alifika nyumbani kwa watu waliobuni mchezo huo wa majina, akawatumia dawa yao wenyewe. Sisemi ilikuwa vizuri. Nasema walioumia walikuwa wanaujua ugonjwa.

Na dawa yenyewe hutumika mara moja. Ukishinda, jina la bandia limekufa, maana picha yako sasa iko kwenye kila ukumbi. Huu ndio msingi wa hoja yangu yote, na naomba mzee wenu autafakari: kuficha makali ni kazi ya mtu asiyejulikana. Tapeli wa karata tatu pale stendi anahama kila siku kwa sababu uso wake ndio mtaji wake, na uso ukizoeleka mtaji umeisha. Mchezaji anayetaka kuishi kwa kuficha makali lazima aogope kombe kama paka anavyoogopa maji. Efren alifanya kinyume. Akaanza kuyakusanya.

Kuna watu wawili wa Marekani ambao hadithi yao inalionyesha hili vizuri kuliko ya Efren mwenyewe. Willie Mosconi, mzaliwa wa Philadelphia mwaka 1913, alikuwa mtoto wa mwenye ukumbi. Baba hakutaka acheze, akamfungia vifaa, mtoto akawa anapiga viazi kwa mpini wa fagio. Alishinda ubingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, na mwaka 1954, kule Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Mosconi aliwachukia wacheza wa kuficha makali hadi kufa kwake. Alivaa suti, kampuni za vifaa zikamlipa kuzunguka miji kuonyesha ufundi, na aliona wale watu wanachafua mchezo wake. Sawa. Lakini angeweza vipi kujificha hata kama angetaka? Alikuwa anaonyeshwa hadharani tangu yuko mtoto. Mtu anayeingia ukumbini na watu wote wanasimama kumpigia makofi hawezi kuuliza mpira mweusi unapigwa lini. Usafi wake naukubali, ila ulikuwa na msaada.

Wa pili ni Rudolf Wanderone, mnene, mdomo haufungi. Mwaka 1961 ilitoka filamu ya Paul Newman kuhusu wacheza pool wa kamari, na ndani yake kuna mhusika aliyeitwa Minnesota Fats. Wanderone, ambaye mpaka siku hiyo aliitwa New York Fats, akasimama akatangaza: yule ni mimi. Akalichukua jina, akaingia nalo kwenye runinga, akatajirika kwa hadithi za mamilioni aliyowavua watu. Kwenye vitabu vya mashindano huwezi kumwona: ubingwa mkubwa hana hata mmoja. Mosconi, aliyekuwa mshauri wa ufundi wa filamu hiyohiyo, alikaribia kupasuka. Februari 14, 1978 wakakutanishwa mbele ya kamera kwenye hoteli ya Waldorf Astoria, New York, na Mosconi akamfunga bila taabu. Wanderone aliongea mwanzo mpaka mwisho. Nani alishinda? Mosconi. Nani watu walikwenda nyumbani wanamsimulia? Yule aliyefungwa.

Naona utani mkubwa hapo. Wanderone, aliyejisifu maisha yake yote kwamba ni mwindaji wa wajinga, alichokificha si makali. Alichokificha ni ubutu. Mtu anayewinda kweli hatangazi. Vijana wetu wanaoandika mitandaoni "mimi ni noma kwenye pool" wangemwelewa.

Efren yuko wapi kati ya hao? Hayuko kwa Mosconi, kwa sababu dau hakulikataa kamwe. Hayuko kwa Wanderone, kwa sababu mdomo hana. Ukimsifu anasema bahati tu. Na hapa nampa mzee wenu kijipointi kimoja, asije akasema nimepokea soda kwa siri. Ule unyenyekevu ulikuwa na thamani ya pesa. Mwangalieni kwenye video: mwembamba, mpole, meno ya mbele hana, anacheka kama amekosea njia, kiuno kimeinama, fimbo ya kawaida. Anapiga pigo ambalo mimi nikilijaribu mara mia nitalipata mara moja, halafu anajikuna kichwa kana kwamba halikutoka mkononi mwake. Mtu asiyemjua angempa mbeleko! Lakini tabia si utapeli. Mungu amemuumba hivyo, na huwezi kumwambia mtu aweke meno ili uweze kumwogopa ipasavyo.

Baada ya Houston hakuna cha kuficha tena, kwa hiyo miaka iliyofuata naipita mbiombio. Mwaka 1994 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani ya mipira tisa, mtu wa kwanza asiye Mmarekani kufanya hivyo, kwa kumfunga Nick Varner fainali. 1995, Reno, dhidi ya bingwa wa Kimarekani Earl Strickland, mechi imebaki gemu ya mwisho, Strickland akamfungia njia kabisa. Efren akaupiga mpira mweupe ukagonga kingo mbili, ukarudi kwa njia ya herufi Z, ukaingiza mpira uliotakiwa, akamaliza gemu. Pigo hilo mkilitafuta mtalipata, na mtalirudia mara kumi. 1999 akawa bingwa wa dunia kule Cardiff, Wales. 2001 Tokyo, mashindano yenye wachezaji zaidi ya 700, akabeba.

Ila mechi moja lazima nisimame, kwa sababu inagusa swali lenu moja kwa moja. Mwaka 1996, Hong Kong, walikutanishwa yeye na Strickland kwa siku tatu. Anayetangulia kufika gemu 120 anachukua dola 100,000, anayefungwa anarudi na mabegi yake. Efren aliwahi kuachwa kwa gemu 17. Akarudi taratibu, akashinda 120 kwa 117. Tazameni hiyo mechi ina nini: watu wawili, pesa nyingi, mshindi anachukua yote. Hiyo ni mechi ya dau, ndugu zangu, ile ile ya Manila usiku, isipokuwa imewekewa taa, kamera na wadhamini. Hakuna aliyeiita utapeli. Ukicheza hivyo kwenye ukumbi wa nyuma ya soko unaitwa mcheza kamari, ukicheza hotelini unaitwa mwanamichezo, na mkono ni uleule.

Na kama mnataka kujua Efren aliumizwa wapi na pesa, haikuwa kwenye kumbi za giza. Mwaka 2006 ulikuwepo mfululizo mpya wa mashindano ya pool ulioitwa IPT, wenye zawadi ambazo mchezo huu haukuwahi kuziona. Efren alishinda mashindano yao ya Reno ya gemu ile ya kugawana mipira, mwisho mweusi, zawadi ya kwanza ikiwa dola 500,000. Picha ikapigwa. Kisha waandaaji wakawatangazia wachezaji kwamba fedha hazipo za kutosha, watalipwa kidogo kidogo. Watu waliokuwa wamezoea kulipwa noti mkononi saa tisa usiku na mtu mwenye kovu usoni, wakajikuta wanasubiri hundi kutoka kwa watu wenye tai. Nilimsikia mchezaji mmoja wa hapa nyumbani akisema afadhali ya yule mwenye kovu, na sikuwa na la kumjibu.

Dau Efren hakuliacha hata alipokuwa na makombe ya kujaza kabati. Kule Marekani, kila Januari, hufanyika mashindano ya Derby City, na alikuwa bingwa wa jumla mara tano. Watu wanaokwenda pale watakwambia mashindano ya mchana ni nusu ya shughuli. Nusu nyingine huanza usiku, meza za kando, noti zikiwa juu ya taa, na Efren alikuwa mmoja wa watu waliotafutwa sana kwenye gemu ile ya kila mtu kuwa na shimo lake moja. Ni gemu ya kufikiri, polepole kama bao, na mbeleko zake ni za hesabu: wewe unahitaji mipira saba, mimi tisa. Kila mtu aliyemkabili alijua anamkabili nani. Aliomba mbeleko yake, akapewa, akafungwa, akapiga naye picha.

Mwezi Mei 2022, akiwa na miaka 67, aliiwakilisha Ufilipino kwenye michezo ya Asia Kusini Mashariki kule Vietnam na kurudi na medali ya shaba. Sijui tapeli gani anastaafu hivyo.

Sasa hukumu, maana mmenifanya hakimu. Mzee baharia amesema mambo mawili. Kwamba alibadilisha jina: kweli, apewe nusu kreti. Kwamba alikuwa tapeli tu: hilo "tu" ndilo limemponza, kwa sababu safari moja ya jina la uongo haiwezi kumeza miaka hamsini ya jina la kweli. Wewe nawe umesema bingwa wa dunia hawezi kuitwa tapeli. Hoja hiyo ni mbovu hata kama umekaribia jibu: ubingwa hausafishi mtu, wapo mabingwa waliouza mechi. Kilichomsafisha Efren ni kwamba waliocheza naye, ukiacha wale wa 1985, walimjua na wakaweka pesa wakimjua. Nawe chukua nusu iliyobaki.

Kreti tupu msiirudishe dukani haraka. Pale kijiweni kwenu lazima kuna mtoto anayechungulia meza kwa kidevu. Mpeni apande.